Nusu Ukurasa Niliyoijaza Mimi

Taarifa ya kifo cha Mzee Amsi ilinikuta nafuta vumbi mazimwi yangu. Ndiyo, nina mazimwi, na sitaki kuonewa huruma. Nina rafu tatu zimejaa sebuleni kwangu hapa Bagara, mjini Babati, mahali ambapo wenzangu wanaweka vikombe vya harusi na picha za ubatizo: joka la plastiki lisilo na mkia, jitu la mpira lenye meno ya rangi ya chungwa, barakoa yenye pembe moja, na mdudu mmoja wa miguu kumi na miwili ambaye mpaka leo sijui aliyemtengeneza alikusudia nini. Mengi yametoka kwenye marobota ya mitumba, siku ya mnada wa kila mwezi. Wauza nguo za watoto wananijua; wakifungua robota wakakuta kitu cha kutisha wanakiweka pembeni, "Hiki cha yule mama wa mazimwi." Ndiye mimi. Naandika hadithi za kutisha, Jumanne na Ijumaa zinaingia kwenye kundi la WhatsApp, na asubuhi yake watu wazima na heshima zao wananiandikia kwamba wameshindwa kwenda chooni peke yao. Wanadhani mwandishi wa mambo haya analala kwenye jeneza. Mimi naamka saa kumi na mbili, nakunywa chai ya maziwa na kiazi kitamu, navaa raba, napanda njia ya Mlima Kwaraa mpaka pumzi inikate, halafu narudi kuandika nikiwa na matope miguuni. Mume wangu, Baba Glori, anasema hajawahi kukuta kiti changu kina joto. Siku ile nilisoma ule ujumbe, Mzee Amsi amefariki, msiba uko Nakwa, nikakaa chini. Nikasimama. Nikakaa tena. Baba Glori akaniuliza kama ni ndugu yetu, nikamjibu kwamba ni mtu aliyenifundisha kazi, na hilo lilikuwa kweli lakini halikuwa nusu ya kweli.

Ya wazazi wangu na ya shule nayaacha, hayahusiki hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Babati haijawa makao makuu ya mkoa wowote, na mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka la kuchapa barua kando ya barabara kuu. Kilikuwa chumba kimoja tu: meza, mashine ya kuchapia nzito iliyokuwa inakwama kwenye herufi M, makaratasi ya kaboni yaliyonichafua vidole mpaka Jumapili kanisani, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na saluni. Ukuta ule haukuzuia kitu. Nilichapa maombi ya kazi na hati za kuuziana viwanja huku nasikia nani kaachika, nani kapata mimba, mume wa nani kaonekana Kondoa. Mbele yangu lilikuwepo dirisha, na ng'ambo ya barabara ilikuwepo baraza ya Mama Yasinta, mjane aliyekaanga maandazi. Chai yangu ya asubuhi ilitoka kwake; alivuka barabara kuniletea mwenyewe, kikombe mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha khanga tangu ulipoungua na mafuta. Alikuwa na tabia moja. Watoto wa shule wakipita aliwagawia vipande vya maandazi yaliyovunjika, akawahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Wakirudi mchana aliwahesabu tena. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akaniambia ni kwa sababu ya malori. Yanashuka kutoka Arusha kama hayana mwenyewe, akasema, na mama zao wako shambani, nani atajua kama mmoja hakurudi? Akaniomba nisimwambie mtu, asije akaonekana anawatakia watoto wa watu mabaya. Nikamwambia, haya mama.

Mzee Amsi alikuwa mteja wangu wa kila Alhamisi. Nasema Mzee, lakini wakati ule hakuwa amefika hata hamsini. Alikuwa bwana misitu aliyeacha kazi, mrefu, kiatu cha ngozi kimelegea kamba, Mlutheri wa Krismasi na Pasaka. Aliandika hadithi ya mfululizo kwenye gazeti moja la kila wiki la Dar es Salaam ambalo sasa limeshakufa. Alikuwa amepanga chumba Nangara, upande wa ziwani, na mimi nilikwenda huko Jumamosi kuchukua daftari lake, mlango ukiwa wazi kwa agizo lake mwenyewe ili majirani wasipate la kusema. Nakikumbuka kile chumba kuliko nyumba nilizoishi baadaye. Kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, fimbo mbili za kuvulia, darubini ya kutazamia ndege ikining'inia kwenye msumari, na dirishani, yamejipanga kama watu wanaosubiri basi, mazimwi yake: mengine ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe, mengine ya mitumba, moja la mzizi wa mti aliloliokota Kwaraa likiwa tayari na macho. Alipika ugali na perege aliowavua asubuhi, mimi nikipaa magamba mlangoni. Alikuwa akiongea huku anasonga, mgongo kwangu: kiboko alivyomfukuza kwenye matete, ndege fulani mweupe alivyorudi, mhariri wake alivyo mjinga. Kisha ghafla, "Dora, wewe ungeogopa nini?" Nikijibu nyoka, anatikisa kichwa. "Nyoka kila mtu anamwogopa. Niambie kitu ambacho kila siku unakiona na hukiogopi bado."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Hadithi nzima aliiandika kwa penseli, lakini zimwi lenyewe hakuliandika. Penye zimwi aliacha nafasi, nusu ukurasa, akachora kibanda cha mstari kuzunguka ile nafasi. Alisema zimwi halitungwi mezani, linatungwa miguu ikiwa imechoka. Basi Alhamisi alfajiri alipanda Kwaraa, akashuka, akaja moja kwa moja dukani na matope yake, akasimama nyuma yangu na mojawapo ya yale masanamu mkononi, akanisomea kutoka kichwani ile nusu ukurasa huku mimi nachapa. Saa nne basi la Arusha lilipita, nikamkabidhi kondakta bahasha, na kutoka Arusha ikaendelea na basi lingine mpaka Dar. Nilizipenda zile Alhamisi kupita kiasi. Niliondoka nyumbani bila kula. Nilikuwa nikichapa huku naona kwamba neno hili si lenyewe, mimi ningeweka lingine, na vidole vinaniwasha. Vijana wa leo wananiuliza kipaji nilikipata wapi. Nawaambia nilizaliwa nacho. Naongopa, nilikipata mgongoni kwa mtu mwingine, kwa wivu.

Alhamisi moja, baada ya mvua za masika, Mzee hakuja. Saa mbili ikapita, saa tatu. Akapita jirani yake akasema Mzee yuko zahanati, malaria imempanda kichwani, anaongea na mashetani yake. Nilikuwa na kurasa zote mezani na kile kibanda cha mstari kikinitazama kitupu. Ningeweza kumwacha mhariri akose sehemu ya wiki ile. Gazeti lisingekufa kwa hilo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na basi linakuja saa nne. Nikainua macho, na ng'ambo ya barabara Mama Yasinta alikuwa anahesabu. Mmoja, wawili, watatu. Nikaandika bila kuinua mkono. Niliandika mama wa maandazi ambaye mkono wake wa kushoto umefungwa khanga, na hakuna aliyewahi kuona kilichomo ndani. Anawahesabu watoto wakienda shule. Anawahesabu wakirudi. Na kila wiki, wakirudi, hesabu inapungua mmoja, na yeye anatabasamu. Niliisoma mara moja, nikaona nywele za mkono zimesimama, nikaikunja kwenye bahasha. Kondakta aliichukua basi likiwa halijasimama vizuri. Dakika kumi baadaye Mama Yasinta alivuka akaniletea chai, akaniuliza mbona leo nina furaha.

Gazeti lilikuja na sehemu ile wiki iliyofuata. Mzee alikuwa ametoka zahanati, amekonda, akaisoma amesimama mlangoni kwangu. Aliisoma mara mbili. "Nani kaandika hii?" Nikamwambia alikuwa anaumwa, nilijaza kidogo tu. Akasema, "Dora, hili zimwi lina pumzi. Yangu yote ni masanamu." Sijawahi kusifiwa namna ile tena, na nimeolewa, nimezaa, nimepigiwa makofi kwenye kumbi. Yeye alikaa mbali, chai yake aliinywa Nangara. Hakuwa na sababu ya kumtazama Mama Yasinta wala mkono wake. Niliyejua ni mimi. Nilijua hata kabla ya saluni kujua, na saluni ilichukua siku tatu. Nilianza kusikia kupitia ule ukuta, sauti ya mwanamke anayesukwa: "Umesoma? Si ndiye yule hapo nje?" Nyingine ikacheka, "Acha, ni hadithi." Ya kwanza ikauliza, "Sawa ni hadithi. Wewe huo mkono umeuona?" "Uliungua na mafuta." "Nani kakwambia uliungua?" "Mwenyewe." "Ehe. Mwenyewe." Niligonga mashine kwa nguvu ili nisisikie, nikawa nachapa upuuzi, mistari mizima ya herufi zisizo na maana, na bado nikasikia. Baadaye mtoto mmoja wa jirani akashikwa na homa, akalala siku mbili na kupona, kama wanavyofanya watoto wote baada ya masika. Ilitosha. Watoto wakaanza kupita upande wangu wa barabara. Mama Yasinta alisimama barazani na sahani ya vipande mkononi, na hakuwa na wa kumhesabu.

Mzee aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amenialika Kwaraa, Jumapili baada ya ibada, ananifundisha kutofautisha nyayo za nyati na za ng'ombe wa watu waliovuka mpaka wa msitu. Tulikaa kwenye jiwe tukala viazi vya kuchemsha, mji wote uko chini yetu na ziwa pembeni. Nilikuwa siwezi kutulia, nang'oa majani, nafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Akasema, "Lile zimwi ulilitoa wapi?" Nikajibu, "Nilitunga tu, Mzee." Akaniangalia, akarudisha macho mjini, akasema sawa. Akaendelea kula kiazi chake. Nilijua ameelewa, na nilijua amenipa nafasi, na niliiona nafasi yenyewe inapita. Nilijiambia nikisema nitapoteza kazi. Nikajiambia watu watasahau. Ukweli ni mwepesi na ni mbaya zaidi: nilikuwa sitaki Alhamisi iishe.

Wasiojua jumuiya zetu niwaeleze. Wakatoliki wa mtaa mmoja wanakutana kila wiki kusali, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na zamu ikifika kwako unapika chai, unatandika mikeka, unaazima vikombe. Ni siku ya heshima. Hata mtu asiye na kitu anajikakamua. Zamu ya Mama Yasinta ilifika mwezi wa nane. Tangu asubuhi nilimwona dirishani anafagia, anarudia kufagia, anapanga vikombe vya watu wapatao ishirini. Alipika makande na maandazi ya hiliki, harufu ilivuka barabara. Alivaa gauni la bluu na kitambaa kipya mkononi. Nilikuwa mwanajumuiya wa pale, jina langu liko daftarini. Saa kumi jioni ndiyo saa ya sala. Ikafika. Saluni wakanyamaza wote, nadhani walikuwa wanachungulia kama mimi. Saa kumi na robo akatoka kutazama barabara, akaingia. Akatoka tena. Mimi nilikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango. Nasema kweli, ulikuwepo mkono wangu pale kwenye kitasa, na haukukizungusha. Ndipo nikamwona Mzee Amsi, Mlutheri, anakuja na shati la kanisani na kiatu kimefungwa kamba. Akaingia. Muda si mrefu wakaanza kuimba, sauti mbili tu, ya mwanamke na ya mwanamume asiyejua kuimba wala asiyejua maneno ya wimbo. Waliimba beti zote. Kisha akakaa akala sahani moja, na ya pili, na ya tatu. Niliwaona kupitia mlango wazi. Alikula mpaka nikaogopa atadhurika.

Wiki iliyofuata Mzee aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mkali aliyeheshimika sana, akasimama mbele yao. Akasema hadithi ile ni yake, ameiandika yeye, amekosea kumchora mama wa watu, mama yule hana baya, anaomba msamaha. Nilikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakunitazama hata mara moja. Nami nilikaa na vidole vyangu vya kaboni nikivisugua kwenye sketi. Alidhani amemaliza. Kumbe tukiwa njiani kurudi nikawasikia wanawake wawili mbele yangu, "Kama ni uongo, anaomba msamaha wa nini?" "Labda ameenda akatishwa." "Si alikula kule?" Basi msamaha ndio ukawa ushahidi. Kabla ya Krismasi Mama Yasinta alifunga vyombo akahamia Nakwa, kwenye kashamba ka marehemu mume wake. Mzee aliacha kuandika, sijui aliiambia nini Dar. Mhariri aliandika barua dukani kuuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kuendeleza ile hadithi. Nikamjibu kwamba yupo. Ndivyo nilivyoanza, na sijaacha mpaka leo, na nimetisha watu wengi kwa majina mbalimbali, lakini zimwi lenye pumzi kama lile sijalipata tena. Nimelitafuta. Ndiyo maana sikai.

Msibani Nakwa nilifika saa tano asubuhi. Wanaume walikuwa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma ya nyumba wanamenya viazi na kuchambua mchele. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikia kwamba Mzee alihamia huku na kwamba alimpelekea Mama Yasinta samaki kila Jumamosi, na nikipita njia ya Nakwa naongeza mwendo. Mama Yasinta alikuwa amekaa mkekani peke yake kidogo, nywele nyeupe, mkono wa kushoto wazi, kovu limekunjamana mpaka kiwikoni. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama Yasinta." "Marahaba. Nani huyu?" "Dora. Wa duka la kuchapa." Alinitazama muda mrefu. "Umenenepa," akasema. "Kaa. Shika kisu." Tukamenya. Katoto kamoja ka miaka mitatu hivi kakaja kakinyoosha mkono kuomba kipande cha karoti, Mama Yasinta akawa anamkatia, na kutoka kwenye lile kundi la wanawake bibi mmoja akaita, "Njoo huku wewe, usimsumbue bibi." Mama yake mwenyewe, msichana mdogo, akaja kumchukua huku anaomba radhi, hata hajui kwa nini. Mama Yasinta akakiweka kile kipande cha karoti kwenye ungo. "Umeona?" akaniambia. "Huyu hata hajui anaogopa nini. Amerithi tu."

Nikasema hapo hapo, maana nisingesema wakati ule nisingesema tena. "Mama, lile zimwi la gazetini hakuliandika Mzee. Niliandika mimi." Kisu chake hakikusimama. "Najua." Nikauliza kama Mzee alimwambia. "Mzee amekufa nalo. Mimi nilijua siku ile ile niliposomewa. Kwa nini nahesabu watoto, kwamba mmoja anaweza asirudi, nilimwambia mtu mmoja tu hapa duniani." Machozi yalianza kunitoka, ya aibu, si ya huzuni, najua tofauti. Nikamwambia nisamehe mama, nilikuwa mtoto, nilikuwa mjinga. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. "Nikutaje kwa nani? Nani angenisikiliza?" Akachukua kiazi kingine. "Ile siku ya sala nilisema, hata wasipokuja wote, Dora atakuja. Nikakuwekea kikombe." Alimenya kiazi kile mpaka mwisho, akakitumbukiza kwenye maji, kisha akaelekeza ncha ya kisu kwa wale wanawake. "Mimi huna haja ya kuniambia. Wasiojua ni wale. Yule wa kitambaa cha kijani ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Bado yuko hai, mshukuru Mungu."

Mimi ninayetisha watu kila Jumanne na Ijumaa nikaweka kisu kwenye ungo. Nikasimama. Nikasema jamani, samahani, naomba mnisikilize kidogo. Nikasema naitwa Theodora, nilikuwa mchapaji pale barabarani, na nikaeleza: ile nusu ukurasa, mafuta yaliyomuunguza, malori, hesabu, kitasa cha mlango. Visu vilisimama kimoja kimoja. Yule mama wa kitambaa cha kijani aliinamia jirani yake, kiganja sikioni, akauliza, "Anasemaje?"

"Sema tena," akasema Mama Yasinta nyuma yangu, naye anaendelea kumenya. "Kwa sauti, na wale wa turubaini wasikie."

Nikageuka kuelekea turubai, nikasema tena, kuanzia jina langu.